Hakijulikani au Hakijajulikana? Taa Juu ya Huruma

Video yenyewe ni ya dakika moja na sekunde arobaini hivi. Imechukuliwa juu ya paa la ploti ya orofa saba hapa Huruma, Februari 2025, na kufikia wakati ilinifikia ilikuwa imepita kwenye magrupu ya WhatsApp mengi mpaka picha imechoka. Kuna kamba za nguo, kuna tangi la maji, na kushoto kabisa minara ya tao inawaka kwa mbali. Katikati ya giza, juu ya Mathare, kuna taa moja nyeupe. Haipepesi. "Manze ebu cheki hiyo kitu," anasema kijana aliyeshika simu. "Inasonga. Ona, inasonga! Inatuangalia." Sauti zingine zinaingia. Mmoja anasema ni droni ya karao. Mwingine anasema hao ni watu wa sayari nyingine. Wa tatu anaanza kuomba, na si kwa utani. Halafu, nje ya picha, kuna mama ambaye nadhani anaanua nguo kwa sababu unasikia pegi zikianguka kwenye beseni. Anasema kwa sauti ya mtu aliyetoka kazini amechoka: "Si ni ile nyota ya kila jioni."

Hakuna anayemjibu. Video ilipofika kwenye ukurasa mmoja wa udaku, sekunde za mama zilikatwa, muziki wa kutisha ukawekwa, na juu yake maandishi ya herufi kubwa: KITU KISICHOJULIKANA CHAONEKANA ANGANI HURUMA. Toleo hilo ndilo lililosambaa.

Nataka kuzikosoa video hizi vile tunavyokosoa hadithi fupi, kwa sababu ukweli ni kwamba mtaani ndizo hadithi fupi zinazosambaa kuliko zetu. Zina kanuni zake, na ukitazama kumi utazijua zote. Sauti hutangulia macho: unaambiwa unachokiona kabla hujakiona. Mpiga picha huvuta zumu mpaka taa inakuwa duara linalotetemeka. Lazima kuwe na mtu anayesema "hiyo si ndege", hata kama hakuna aliyesema ni ndege. Na mwisho hauji kwa jibu. Betri inaisha, wingu linapita, au mtu anaitwa chini akale. Hadithi inakatika tu, na kukatika huko ndiko kunaitwa siri.

Kama kazi ya sauti, ile ya Februari ni nzuri sana. Kijana ana pumzi, ana mdundo, anajua kunyamaza. Lakini kama ushuhuda imeanguka, na iliangushwa na mhariri aliyemkata mama. Kwa sababu mama alikuwa sahihi, na huhitaji darubini kumthibitisha. Minara ya tao iko kushoto, na ukisimama Huruma tao iko magharibi, ikiegemea kusini kidogo. Kwa hiyo simu ilikuwa inatazama magharibi. Ni baada tu ya jua kutua, mwezi wa Februari 2025. Wiki hizo sayari ya Zuhura ilikuwa magharibi kila jioni, ikikaribia kilele cha mwangaza wake, na ukitoa jua na mwezi hakuna kitu cha asili kinachong'aa angani kila siku kuliko hiyo. Ilikuwa ikitua mwendo wa saa tatu usiku. Kesho yake ilikuwa palepale. Keshokutwa pia. Mama alikuwa na data ya mwezi mzima, aliyoikusanya akiwa na beseni mkononi.

Sasa turudi kwenye maandishi ya ule ukurasa, kwa sababu hapo ndipo kuna kesi. Kiswahili kina njia mbili za kusema hujui. Kuna *hakijulikani*, na kuna *hakijajulikana*. Ya kwanza inafunga mlango: hicho kitu hakina wa kukijua, tabia yake ni kutojulikana. Ya pili ina ile *-ja-* ndogo inayosema bado, ngoja, kuna mtu ameenda kuuliza. Mtoto wa darasa la tatu anajua tofauti hiyo akiambiwa chakula hakijaiva. Lakini jaribu kuipeleka ile *-ja-* kwenye kirejeshi kifupi. Haiingii. Tuna *kilichojulikana*, tuna *kinachojulikana*, tuna *kitakachojulikana*, kila wakati na kiungo chake. Ukikanusha, vyote hivyo vinakunjwa kuwa neno moja lisilo na wakati: *kisichojulikana*. Ukitaka kurudisha lile "bado" lazima urefushe njia, useme *ambacho hakijajulikana*. Na kichwa cha habari hakina nafasi ya kurefusha njia. Ndiyo maana kila taa inayoonekana juu ya mtaa huzaliwa ikiwa imeshahukumiwa, haina kesho ya kujulikana.

Siwalaumu waandishi wa vichwa kwa kupenda ufupi. Nawalaumu kwa kutumia sarufi kujificha. "Kisichojulikana" kinasikika kama sifa ya kitu, kama vile cheupe au kizito. Lakini ukikifungua ni habari kuhusu msemaji: sijauliza. Kiingereza nacho kina ugonjwa huohuo. Herufi UFO zinasema tu kwamba kitu kinaruka na hakijatambuliwa, na leo ukizitaja mtu anachora sahani.

Hiyo sahani yenyewe ilitoka kwenye chumba cha habari. Tarehe 24 Juni 1947 rubani Mmarekani aitwaye Kenneth Arnold aliona vitu tisa vikipita karibu na Mlima Rainier. Alijaribu kueleza mwendo wake, kwamba vilikuwa vikirukaruka kama sahani iliyotupwa juu ya maji. Magazeti yakachukua sahani yakaacha mwendo. Arnold mwenyewe alilalamika baadaye kwamba walimnukuu vibaya. Kufikia hapo watu walikuwa wameshaanza kuona sahani. Nikisoma kisa hicho huwa nafikiria wahariri wetu: tamathali ya usemi iligeuzwa umbo, na umbo likaanza kuonekana angani.

Nirudi kwa yule kijana, maana kuna kitu alisema ambacho si uongo hata kama si kweli. "Inasonga." Kwa macho yake ilisonga. Ukikazia macho nukta moja ya mwanga gizani, bila kitu kando yake cha kupimia, itaanza kuelea. Jicho ndilo linalotembea. Mwaka 1935 mwanasaikolojia Muzafer Sherif, mzaliwa wa Uturuki, alichapisha majaribio yaliyofanywa kwa mwanga usiosonga kabisa ndani ya chumba chenye giza. Aliwauliza watu umesonga kiasi gani. Mtu akiwa peke yake alijitengenezea kipimo chake. Wakiwekwa pamoja wakisikiana, majibu yao yalianza kukaribiana mpaka wakakubaliana, wote, juu ya safari ambayo haikuwapo. Sijasoma maelezo bora ya paa la Huruma saa mbili kasoro. Yule kijana hakuwa akidanganya wenzake. Walikuwa wakitunga pamoja, kila mmoja akiongeza mstari, na mama akakataa kuingia kwenye utunzi.

Dawa yake ni rahisi mpaka inachekesha. Tafuta waya wa stima au ukingo wa tangi, usimame mahali pamoja, uone kama taa inauacha. Na usivute zumu. Simu ikishindwa kulenga nukta gizani huitawanya, na hiyo "duara lenye mapigo ya moyo" ni lenzi ikihangaika kutafuta mahali pa kushika. Umbo unaloliona ni la simu yako.

Kuna taa nyingi halali juu ya kichwa cha mkaazi wa Huruma. Ng'ambo ya Juja Road kuna kambi ya jeshi la anga, ile ya Eastleigh, ambayo mpaka 1958 Embakasi ilipofunguliwa ndiyo ilikuwa uwanja mkuu wa ndege wa Nairobi. Ndege ikija moja kwa moja upande wako, taa yake ya mbele husimama kabisa, inazidi tu kunenepa, mpaka ikate kona na ghafla iwe na mbawa na vitaa vya nyekundu na kijani. Wengi wanaoapa kwamba "ilisimama halafu ikatoroka" waliona hivyo. Kituo cha anga za juu cha kimataifa hupita kwa dakika chache tu, kimya, bila kuwaka na kuzima, kikiwa kilomita 400 hivi juu, na kinaweza kuzimika katikati ya anga kama mshumaa uliopulizwa. Hakijaenda popote. Kimeingia kwenye kivuli cha dunia.

Na ule msururu, shanga zilizotungwa kwenye uzi, ambao uliwatoa watu nyumbani wakiwa na taulo? Starlink. Setilaiti 60 za kwanza zilirushwa pamoja Mei 2019, na tangu hapo kila kundi jipya huonekana hivyo kwa siku chache kabla ya kutawanyika. Kampuni hiyo ilianza kuuza intaneti Kenya Julai 2023, kwa hiyo sasa hivi kuna mtu anayepakia video ya kuogopa Starlink kwa kutumia Starlink. Kabla yao tulikuwa na maputo ya Loon, makubwa kama uwanja wa tenisi, yakielea kilomita 20 hivi juu yetu kwa mkataba na Telkom Kenya, tangu Julai 2020 hadi mradi ulipofungwa mwanzoni mwa 2021. Puto likiwa juu hivyo hubaki na jua wakati sisi chini tumeshawasha taa. Mwaka wa korona, watu wamefungiwa ndani na kafyu, nukta nyeupe iliyoganda juu kila magharibi. Mtu aliyeogopa mwaka ule ana msamaha wangu wote.

Vimondo siviongezi neno. Ni sekunde mbili tatu, hakuna anayewahi kutoa simu mfukoni.

Kinachoniuma zaidi ni majina. Mama alisema "ile nyota ya kila jioni" na hakusema Zuhura, na simlaumu, kwa sababu ukisema Zuhura hapa mtu atakuuliza Zuhura wa nani. Kwetu ni jina la msichana wa Majengo. Sayansi tulisomeshwa kwa Kiingereza na Kiswahili tukasomeshwa insha na methali, kwa hiyo Venus na Jupiter vilibaki kwenye mtihani, Zuhura na Mshtarii vikabaki kwenye kamusi, na juu ya paa hatukubeba chochote. Tuna Mirihi, tuna Zohali, majina tuliyopewa na Kiarabu, na tuna Kilimia, ambalo ni letu kabisa, limetoka kwenye kulima: lile kundi la nyota ndogo zilizobanana ambalo wakulima na mabaharia wa pwani walilitumia kujua msimu, likizama lini na mvua au na kiangazi. Mjaluo anajua nyota ni *sulwe*, na Lupita Nyong'o akakiita hivyo kitabu chake cha watoto cha 2019. Mkikuyu ana *njata*. Si kwamba tumekosa maneno. Tumekosa mahali pa kuyatumia.

Na wakati mwingine mahali hapo hupatikana. Ijumaa ya 24 Machi 2023, Ramadhani ikiwa ndiyo imeanza, mwezi mwandamo na Zuhura vilikaribiana jioni mpaka vikaonekana kama vimechorwa kwenye bendera. Picha zilijaa kwenye simu nchi nyingi, zetu zikiwemo. Kwa waumini wengi ilikuwa baraka. Wale wale wapiga picha wa paa, simu zile zile, lakini hofu hamna, kwa sababu safari hiyo picha ilifika ikiwa na maana ambayo watu tayari walikuwa nayo. Taa ilikuwa ile ile, Zuhura.

Niongeze kaaside kamoja, kwa sababu siwezi kujizuia. Tarehe 12 Desemba 1970, siku ya Jamhuri, setilaiti ilirushwa kutoka kwenye jukwaa la San Marco baharini karibu na Malindi, ikabatizwa Uhuru. Ilikuwa ya kwanza duniani kutumwa kutafiti miale ya eksirei angani peke yake. Orodha yake ya nne ina vyanzo 339, na mpaka leo wanasayansi huviita kwa namba inayoanza na 4U. Hiyo U ni Uhuru. Kuna vitu mbali kabisa huko nje vinavyobeba herufi ya neno letu, na sisi tunaita jirani yetu wa jioni "kitu".

Lakini sitaki kumaliza kwa kumcheka kijana, maana hofu yake ina asili. Huruma si mahali ambapo mwanga wa juu ni pambo. Zile nguzo ndefu za taa zilizowekwa mitaani tuliziita mulika mwizi, na hata simu ya bei ya chini yenye tochi tukaiita mulika mwizi. Fikiria lugha inayoita taa hivyo. Maana yake taa ikiwaka, swali la kwanza ni nani anatafutwa. Helikopta ikizunguka usiku na mwanga wake ukipita juu ya mabati, akina mama huita watoto ndani, na vijana ambao hawajafanya kitu chochote hushuka ngazi. Kwa hiyo kijana aliposema "inatuangalia" alikuwa anasoma kwa usahihi aina ya hadithi anayoishi ndani yake. Alikosea mhusika tu. Zuhura haimwangalii mtu.

Giza lenyewe tulilipata vizuri mara moja. Ijumaa ya 25 Agosti 2023 stima zilipotea karibu nchi nzima kwa saa nyingi. Mulika mwizi zikazima. Mwezi nusu ulikuwa juu, na Zohali mashariki, na baada ya saa tano usiku Mshtarii ikachomoza upande wa Kariobangi, kubwa, ya manjano kidogo, imetulia. Watu walilalamika kuhusu friji na chaji, na walikuwa na haki. Lakini usiku huo sijui kama kuna aliyepakia UFO. Ukiona nyota mia, moja inayong'aa zaidi haikutishi. Taa pekee kwenye anga lililooshwa na taa ndiyo inayoonekana kama imekuja kwa ajili yako.

Nimekaa na neno hili moja kwa muda wote huu kwa sababu halikai angani. Fungua habari yoyote ya mtaa. "Mwili wa mwanamume asiyejulikana umepatikana." "Kijana auawa na watu wasiojulikana." Tanzania, baada ya Tundu Lissu kupigwa risasi Dodoma tarehe 7 Septemba 2017, *watu wasiojulikana* iligeuka kuwa kama jina la kikundi, na kila mtu aliyelitamka alijua analofanya. Hapa kwetu, 2024, vijana walibebwa kwenye magari mchana kweupe na watu wasiojulikana, kuna video, kuna namba za gari. Sarufi ni ile ile, *-si-o-julikana*, bila wakati, bila bado. Kama sifa. Kama kwamba kuna kabila la watu ambao kazi yao ni kutojulikana, na mwili uliolala City Mortuary ulizaliwa hauna jina. Mwandishi anayeandika hivyo juu ya taa anafanya mazoezi. Msomaji anayekubali hivyo juu ya taa ameshaanza kuzoea.

Ndiyo maana kazi ya maandishi iliyonifundisha zaidi kutambua kitu haikuhusu nyota. Mwaka 2017 Mathare Social Justice Centre, hapo jirani, walitoa ripoti iitwayo *Who Is Next?* kuhusu vijana waliouawa na polisi. Haijaandikwa kwa madoido, na mahali pengine ni kavu kama karatasi ya hospitali. Lakini iliulizwa na wakaazi wenyewe, wakiwauliza wakaazi: ilikuwa lini, ilikuwa wapi, nani aliona, alikuwa nani. Maswali ambayo mtu angemuuliza mama mwenye beseni, kama angekuwepo wa kuuliza. Ukiisoma utagundua kwamba katika mtaa ambapo kuta zina masikio na kila ngazi ina watu, ni vigumu sana kitu kutokea bila kujulikana. Kinachokosekana ni anayeandika alichoambiwa.

Alasiri ya 30 Desemba 2024, pete ya chuma ilianguka kutoka angani kijijini Mukuku, kaunti ya Makueni. Shirika la Anga za Juu la Kenya lilienda, likazungushia eneo, likapima. Kipenyo mita 2.5 hivi. Uzito kilo 500 hivi. Kipande cha roketi, pete ya kutenganisha. Taarifa ilitoka ndani ya siku chache, ina tarehe na saa.